Sura ya Tisa: Kamongo wa Sweya

Kwa nini mama yake Luhende alikubali tukutane popote mjini Mwanza isipokuwa hotelini kwa Getruda? Swali hilo nililibeba tangu Alhamisi, na Jumapili mchana, tulipokuwa tukishuka njia ya mawe kuelekea ufukoni Sweya, bado sikuwa na jibu lake. Luhende nilikwisha kumwuliza mara mbili. Mara ya kwanza alisema huenda mama yake hapendi upepo wa ziwani. Mara ya pili alikiri kwamba hajui, nami nikamtazama usoni nikaona kwamba kweli hajui.

“Alisema tu, ‘Popote, mwanangu, ila si pale,’” alinieleza tena, akinishika mkono tulipofika penye mawe yanayoteleza. “Nikamwuliza kama amewahi kugombana na Getruda. Akasema hata hamfahamu.”

“Basi hana sababu.”

“Mama hakosi sababu, Koku. Anachokosa ni kuisema.”

Laiti ningemsikiliza. Ningeweza kuchagua ile hoteli ya Igogo yenye supu ya makongoro, au kwa yule mama wa Pasiansi anayepika ndizi kama zinavyopikwa kwetu Muleba. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilikuwa nimetumia miezi kumi na minne kutafuta jiko bora kuliko yote katika mji huu, na niliamini nimelipata. Wanawake wawili ambao neno lao lingeamua maisha yangu walikuwa wanakutana kwa mara ya kwanza. Kuwapeleka mahali palipo pa pili kwa ubora niliona ni kuwavunjia heshima.

Tulikuwa na orodha, mimi na Luhende. Niliianza nikiwa mwaka wa pili chuoni, baada ya kuona wenzangu wakila chipsi mayai asubuhi na jioni kwa kuwa hawakujua pengine pa kwenda. Niliamini, na bado ninaamini, kwamba mtu mwenye kipato kidogo naye anastahili maji safi ya kunawa, sahani isiyo na harufu ya sahani ya jana, na mpishi anayemkaribisha kwa moyo. Kila Ijumaa niliandika habari za mahali pamoja katika ukurasa wangu wa simu. Luhende ndiye aliyeniambia pa kwenda. Yeye ni fundi wa majokofu. Huingia katika hoteli kwa mlango wa nyuma, akavuta jokofu kutoka ukutani na kuona yale ambayo mteja haonyeshwi. “Pale usiende,” alikuwa akisema, bila kueleza zaidi. Au alisema, “Pale nenda, wapishi wanakula walichopika,” nami nilijua kwamba amepita jikoni na ameridhika.

Siku ya kwanza kabisa tuliyokula pamoja, kwenye kibanda kimoja cha Kirumba, mhudumu alitutajia vyakula vilivyokuwapo: sato, sangara, dagaa, kamongo. Nilimwambia Luhende kwamba mimi simli kamongo. Nilimweleza kwamba kwetu Wahaya kila ukoo una muziro wake, mwiko wa chakula ambao mtu huzaliwa nao kutoka kwa baba, na kwamba muziro wa ukoo wetu ni samaki huyo. Sikumweleza mengine yanayokwenda pamoja na muziro. Nilidhani hayamhusu Msukuma wa Kisesa.

Aliniangalia kwa macho yake yale ya taratibu, akasema, “Basi hata mimi simli.”

Maneno yale niliondoka nayo, nikapanda nayo ngazi za hosteli, nikalala nayo. Nilidhani nimempata mwanamume awezaye kuacha kitu kwa ajili yangu hata kabla hajalijua jina la baba yangu. Kwa miezi kumi na minne sikumwona akimgusa kamongo, na kila alipomkataa nilimpenda zaidi kidogo.

Tulipofika kwa Getruda, ziwa lilikuwa limebadilika rangi. Upande wa Ukerewe wingu lilikuwa limeinama mpaka likagusa maji, na karibu zaidi, wadudu wa ziwani walikuwa wameinuka kama moshi mweusi wa kitu kinachoungua chini ya mawimbi. Shangazi Bernadetta alikwisha kufika. Alikuwa ameketi kwenye meza ya pembeni, mgongo wima, mkoba mapajani. Alifundisha ualimu kwa miaka thelathini pale Butimba, na hata baada ya kustaafu alikuwa bado anaketi kama msimamizi wa mtihani. Kwetu shangazi ndiye jicho la baba katika mambo ya ndoa. Baba yangu, Mzee Kahigwa, angevuka kutoka Muleba siku ya Ijumaa, na Jumamosi wazee wa Luhende wangeleta barua ya posa nyumbani kwa Shangazi. Lakini kwanza Shangazi alitaka kumwona mama wa kijana, ana kwa ana, na chakula kikiwa mezani.

“Shikamoo, Shangazi,” Luhende alisema, akiinama.

“Marahaba, baba. Umenenepa. Ni Koku au ni kazi?”

“Ni Koku, Shangazi. Anasema tuonje, tunamaliza sahani.”

Shangazi alitabasamu. Hilo lilikuwa tabasamu lake la mwisho siku ile.

Mama Paskazia, mama yake Luhende, alifika kwa bodaboda. Nilimwona akishuka barabarani, akajifunga upya kitenge chake, akasimama mlangoni bila kuingia. Alikuwa anasoma ubao wa chakula cha siku, mstari kwa mstari, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Nilikwenda kumpokea nikapiga goti.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Macho yake hayakutoka ubaoni. “Hapa ndipo ulipopachagua?”

“Ndipo penye chakula bora, Mama.”

“Nimesikia. Mwanangu ameniambia.” Ndipo aliponitazama. Alinigusa shavu, na kiganja chake kilikuwa baridi ingawa jua la saa saba lilikuwa bado halijamezwa na wingu. “Wewe ni binti mzuri, Kokulinda. Ukumbuke kwamba nilisema hivyo.”

Nilitaka kumwuliza kwa nini niambiwe nikumbuke. Lakini alikwisha kunipita.

Wale wawili walisalimiana kwa mikono miwili, wakaulizana habari za mvua, za mpunga wa Kisesa, za mgongo na magoti. Nilikaa mkabala na Luhende. Chini ya meza alisogeza kiatu chake kikaugusa wangu, nami nikatazama pembeni ili nisicheke. Ninaikumbuka dakika ile kwa uchungu, maana ilikuwa ya furaha kamili, na nilikuwa sijui.

Getruda alitoka jikoni akijifuta mikono, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia mitumbwi.

“Mwandishi wangu. Leo umeniletea wakaguzi.” Aliwaamkia wakubwa, akageuka tena. “Meza moja Mhaya na Msukuma. Nikipika ndizi nitanuniwa, nikipika ugali nitanuniwa. Nimepika vyote.”

“Umefanya busara,” Shangazi alisema.

“Sina busara, Mama, nina woga. Huyu binti akiandika kwamba chumvi ilizidi, Ijumaa nzima napigiwa simu.”

Vilikuja sato wawili wa kuchoma, ndizi, ugali wa muhogo, wali, mlenda. Kisha Getruda alirudi na bakuli kubwa lililofunikwa. Aliliweka katikati ya meza kama mtu anayemlaza mtoto.

“Hiki hamkukiagiza. Ni zawadi yangu. Tangu huyu binti aniandike nimeongeza meza sita. Ni kamongo wa kukausha kwa moshi, nimemuunga kwa karanga. Nimeamka alfajiri kwa ajili yake.”

Uso uliniwaka. Kosa lilikuwa langu. Niliisifu hoteli ile kwa maneno mengi bila kumwambia mwenyewe kwamba samaki aliyempatia jina mimi simwonji. Katika ukurasa wangu niliandika tu kwamba habari za kamongo wawaulize wengine. Shangazi, kwa upole wake wa kimwalimu, aliniokoa.

“Ahsante, mwanangu. Umejitesa kwa ajili yetu. Sisi wawili hatumli, ni mambo ya ukoo, usituchukie. Lakini wenzetu hawa watakushangilia.”

“Basi nianze na bwana harusi,” Getruda alisema. Alifunua bakuli, akachota kwa kijiko kikubwa, tone la mchuzi likadondoka ukingoni mwa sahani ya Luhende.

“Mimi simli, dada,” Luhende alisema. “Nipe wali tu.”

“Wali tu? Mwanamume mzima?” Getruda alicheka, akarudisha kamongo bakulini, akapeleka kijiko kilekile kwenye sinia la wali.

Mkono wa Mama Paskazia ulitoka upande wa pili wa meza ukamdaka kifundo cha mkono.

“Kijiko hicho kisiingie kwenye wali wake.”

Getruda alimtazama, tabasamu likiwa bado limemganda usoni.

“Leta kijiko kingine,” Mama Paskazia alisema. “Na sahani hiyo uibadilishe. Imedondokewa.”

“Mama, ni tone tu,” Luhende alisema.

“Ibadilishwe.”

Getruda aliichukua sahani akaenda. Juu yetu upepo ulikuwa umeanza kuyanyanyua mabati na kuyaachia. Shangazi alikuwa ameshika tonge la ugali. Alilirudisha kwenye sahani yake, akalitazama, kisha akanawa mikono upya katika bakuli la maji, ingawa alikuwa hajala.

“Mama Luhende,” alisema, “nani alikufundisha habari ya kijiko?”

“Kijiko gani?”

“Mtu asiyempenda samaki humwacha samaki. Haangalii kijiko, habadilishi sahani. Maneno uliyoyasema sasa hivi mama yangu mzazi alikuwa akiyasema jikoni kwake Muleba. Kwanza kijiko, kisha sahani. Hivyo hivyo.”

Mama Paskazia alikuwa anaondoa miiba kwenye kipande cha sato na kuipanga mmoja mmoja ukingoni.

“Ni vipele, Shangazi,” Luhende alisema, akijaribu kucheka. “Nilimla nikiwa mdogo nikavimba mwili mzima. Tangu hapo Mama ana hofu.”

“Ulikuwa na umri gani?”

“Sikumbuki. Mdogo sana.”

“Nani mwingine alikuona ukivimba? Bibi? Mjomba?”

Luhende aligeuka kumtazama mama yake. Niliona swali likizaliwa usoni mwake, na mimi nami likanifikia langu, zito kama jiwe.

“Kumbe hukuwa ukimla,” nilisema. “Hata kabla yangu.”

“Sikuwa nikimla, Koku.”

“Pale Kirumba ulisema humli kwa ajili yangu.”

“Nilisema simli.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Hayo mengine uliyaongeza wewe. Nikaona umefurahi, nikakuacha ufurahi.”

Sikumkasirikia. Nilitamani tu kurudi katika kibanda kile cha Kirumba, mchana ule, niulize swali moja zaidi.

“Baba yake kijana ni mtu wa wapi?” Shangazi aliuliza.

“Nilikwisha kumweleza binti yako. Wa Tabora. Alikuwa fundi wa reli.”

“Watu gani wa Tabora wanaotenga kijiko cha kamongo?”

“Dada yangu, tule. Chakula kinapoa.”

“Mimi sili mpaka nijibiwe. Jumamosi kaka yangu ataketi sebuleni kwangu, ataniuliza kama nimemchunguza kijana. Nimwambie nini? Kwamba nilikula sato nikanyamaza?”

Getruda alirudi na sahani mpya na kijiko kipya. Aliviweka mezani kwa uangalifu mkubwa, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaondoka bila mzaha. Alipokwisha kuingia jikoni, Mama Paskazia alisukuma sahani yake mbele.

“Hakuwa fundi wa reli,” alisema. “Alikuwa seremala. Alikuja Kisesa kutengeneza madawati ya shule, akapanga chumba kwa jirani yetu. Alikuwa Mhaya.”

Luhende alijivuta nyuma kwenye kiti.

“Nilipopata mimba hakukimbia. Msimfikirie hivyo. Alimwendea baba yangu mwenyewe, akasema atakwenda kwao kuwaita wazee wake waje kutoa ng'ombe. Nilikuwa na miezi saba alipoondoka. Nikasubiri. Mtoto akazaliwa, akaanza kukaa, ndipo akaja mtu kutoka huko kuniambia kwamba amezikwa. Homa ilimkuta njiani.” Alisema yote hayo bila kuinua sauti. “Ng'ombe hawakutolewa. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni wa babu yake mzaa mama, na jina alipewa la babu yake. Luhende. Mambo yakaishia hapo.”

“Hayakuishia hapo,” Shangazi alisema.

“Hapana.” Sasa macho yake yalijaa. “Siku anaondoka aliniomba jambo moja. Awe wa kiume, awe wa kike, mtoto asimle kamongo, na sufuria yake itengwe, na kijiko chake. Sikujua maana yake, nilimwahidi tu. Kisha akafa. Ningempa nini kingine mtoto kutoka kwa baba yake? Hata picha sikuwa nayo. Nikampa hilo.”

“Tabora, Mama?” Luhende alisema. “Nimejaza Tabora kwenye fomu zote za maisha yangu.”

“Ungejua, ungewatafuta. Ungewatafuta, wangekuchukua. Nilikuwa nawe peke yako.”

“Mimi ni mtu mzima wa miaka ishirini na saba.”

“Hukuwa na ishirini na saba nilipoanza kukudanganya.”

Alitaka kumshika mkono. Luhende hakuuondoa mkono wake, lakini hakuugeuza kumpokea. Mama Paskazia alimgeukia Shangazi.

“Alikuwa mtu wa Muleba huyo seremala. Aliitwa—”

“Usinitajie.” Shangazi alikuwa ameinua kiganja. “Tafadhali. Ukinitajia jina nitakuwa nimelisikia.”

“Shangazi,” nilisema, “unamjua.”

“Sijui kitu. Muleba ina maseremala wengi.” Alimtazama Luhende kwa muda mrefu, alitazama paji la uso, masikio, vidole vilivyolala mezani, na nikaona kwamba anakiona alichokuwa hataki kukiona. “Koku anafahamu, lakini wewe hujui, baba, basi usikie kwangu. Kwetu wenye muziro mmoja ni damu moja. Hata kama mmoja kazaliwa Muleba na mwingine Kiziba, hata kama babu zao hawakuwahi kuonana. Ni kaka na dada. Hawaoani.”

Mvua ilianza kupiga bila onyo, matone mazito, na ziwa likatoweka. Wateja wa meza za nje waliingia ndani mbio na sahani zao, wakicheka. Walituzunguka kila upande. Sisi wanne hatukusogea.

Mama Paskazia alilivuta lile bakuli la kamongo kutoka katikati ya meza, akaliweka mbele ya mwanawe. Kijiko kipya alikizamisha mle ndani kwa mkono wake mwenyewe.

“Kula, mwanangu.”

“Mama?”

“Mimi ndiye niliyekukataza. Mimi ndiye ninayekuruhusu. Wewe ni Luhende mwana wa Luhende, Msukuma wa Kisesa, na Wasukuma wanamla. Kula, huyu mama akuone.”

Niligeuka kumtazama Shangazi. Nilitegemea asimame, achukue mkoba wake, atushutumu sote. Lakini alikuwa ameinamisha macho kwenye meza.

“Akila mbele yangu,” alisema polepole, “nitamwambia kaka yangu kwamba nilimwona kijana akila kamongo. Na litakuwa kweli. Hakuna Mhaya atakayeuliza zaidi ya hapo.”

“Shangazi, wewe?”

“Niliwahi kusimama kati ya watu wawili kwa sababu ya ukoo, Koku. Nilikuwa na hakika kama wewe unavyokuwa na hakika. Msichana yule hakuolewa tena na mtu mwingine, na kila Jumapili tunakutana kanisani, ananisalimia vizuri.” Alikunja leso yake mara mbili. “Nimechoka kusalimiwa vizuri.”

Kwa hiyo hapakuwa na kizuizi. Ndivyo nilivyofahamu, na ufahamu ule ulinitisha kuliko mvua na wingu na kila kitu. Pingamizi la wazee nililokuwa nimejiandaa kupambana nalo kwa miezi mingi, kwa hoja nilizozipanga usiku kitandani, lilikuwa limejiondoa lenyewe. Wakubwa wawili walikuwa wameufungua mlango na kugeuza nyuso. Kilichobaki ni tonge moja.

Luhende alichukua kijiko. Kipande cha kamongo kilikuwa cheusi kwa moshi, na karanga zilikuwa zikidondoka polepole kurudi bakulini. Hakukitazama. Alinitazama mimi, na katika macho yale ya taratibu niliona yote: kibanda cha Kirumba, milango ya nyuma ya hoteli zote za mji huu, chumba ambacho tulikwisha kukichagua Nyegezi, dirisha linalotazama kusini. Alikuwa ananiuliza. Ningefumba macho tu, angekula.

Kijiko kilipofika usawa wa kidevu nilimshika mkono.

“Niache, Koku.”

“Usile.”

“Ni tonge moja.”

“Ukilimeza utakuwa nani?”

“Mume wako.” Alisema kwa wepesi mkubwa, kama mtu anayetaja saa. “Sitaki kuwa kitu kingine. Huyo seremala sikumjua. Wewe ninakujua.”

“Na watoto wetu tutawakataza nini?”

Sasa alikitazama kijiko.

“Tutawalisha kamongo, Luhende, ili watu waone? Au tutamkataza mtoto, na akiuliza tumwambie ana vipele?”

Mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko wangu. Angetaka, angeula ule mnofu na mimi nikiwa nimemshika. Tulibaki hivyo, kijiko kati yetu, mpaka nikahisi mkono ukilegea ndani ya vidole vyangu. Alikishusha. Alipokiachia kiligonga ukingo wa bakuli, na mteja mmoja wa meza ya jirani akageuka kutazama, kisha akaendelea na sato wake. Luhende aliufunika uso kwa viganja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika bila sauti. Nilitaka kumkumbatia, na nikatambua kwamba tayari sijui nimkumbatieje.

Nililifunika bakuli.

“Mama,” nilimwambia Mama Paskazia, “nitajie jina lake.”

“Mwanangu, shangazi yako amekataa.”

“Hakutaka kulisikia yeye. Mimi ninataka.”

Alimtazama mwanawe, aliyekuwa bado amejificha nyuma ya viganja vyake.

“Muganyizi,” alisema. “Aliniambia baba yake ni Mzee Kashaija.”

Shangazi Bernadetta alifanya ishara ya msalaba. Hakuwa na haja ya kunieleza. Babu Kashaija ni mdogo wake babu yangu. Ndiye aliyenibeba begani siku ya komunyo yangu ya kwanza. Na ukutani nyumbani kwetu kuna picha ya vijana watatu mbele ya gari la kahawa. Wa katikati ni baba yangu. Wa kulia, Muganyizi mwenyewe, ambaye kila mwaka tunamwombea misa, ameshika randa ya useremala, na sikuwahi kujiuliza ni nani mwingine duniani mwenye paji la uso kama lile.

“Amekwisha kuzikwa, Koku,” Shangazi alininong'oneza. “Tuliosikia ni watatu tu, na wewe.”

Nilisimama. Nikaushika ukingo wa meza. Mvua ilikuwa inapiga sana, nami nilipaza sauti ili wote watatu wanisikie vizuri, na asiwepo atakayesema baadaye kwamba sikueleweka.

“Shangazi, mpigie Baba simu leo. Mwambie Ijumaa avuke kama alivyopanga, lakini haji kupokea barua ya posa. Anakuja kumpokea mtoto wa Muganyizi, na Babu Kashaija aje naye kama ana nguvu. Mama, uwaambie wazee wa Kisesa barua ile wasiilete. Luhende, sikiliza, maana sitaweza kulisema mara ya pili. Mimi sitaolewa nawe.”